Fundo la Mkufu wa Mama Ethan

Mliponiaga mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi, ili wanaokuja baadaye wajue tulitoka wapi. Najua mlitarajia nianze na vitenge na rangi. Nitaanza na woga, kwa sababu huo ndio niliokuja nao kazini na huo ndio niliotoka nao. Mnanijua. Mlinicheka kwa kurudi ngazini kuangalia kama mshumaa umezimwa, na kwa kupiga simu jioni kuuliza tena swali hilohilo. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Dagoretti, na bado vidole vinawasha kupiga. Ikipita jioni sijapiga, jueni binti yangu ameificha simu.

Siku yangu ya kwanza niliogopa sindano. Si sindano ya kushonea, hiyo nilikuwa nimeizoea kiwandani, ambako kwa miaka nilishona mikono ya mashati bila kuona shati lenyewe likiisha. Kiwanda kilipofungwa, dada mmoja wa kanisani alinielekeza kwa Mama Wairimu, kile chumba cha juu nyuma ya maduka ya Adams Arcade, kabla hakijapanuliwa. Kulikuwa na meza moja, dirisha moja na wanawake watatu walioinama bila kuongea. Mama Wairimu alikuwa ameshika sindano nene kwa plaisi, akiipasha kwenye mshumaa hadi ikawa nyekundu, kisha akaipitisha katika shanga ya mbao iliyovikwa kitenge. Moshi ukapanda. Shimo likatoka safi, na kitambaa kimeshikana pembeni pasipo nyuzi kuchomoza. Akanipa sindano.

"Jaribu."

"Nitajichoma, mama."

"Utajichoma. Sasa jaribu."

Nilijichoma, na nina kovu hadi leo. Mama Wairimu alikuwa mtu wa Kikuyu, ndiyo, upande ule wa Thogoto, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na hakuwa na mazoea ya kukudanganya ili ujisikie vizuri. Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Alinifundisha kuomba mabaki ya kitenge kwa mafundi wa nguo kabla hawajayafagia. Alinifundisha kuloweka kila kipande kwa maji ya chumvi, kukikausha, halafu kukilamba na kukisugua kwenye leso nyeupe. Leso ikishika rangi, kitenge hicho hakigusi shingo ya mtu. Nimelamba vitenge vingi sana, na ninaweza kuwaambia kuwa bluu ndiyo yenye ladha mbaya zaidi.

Miaka ile ya mwanzo tulikuwa tukiuza wenyewe katikati ya jiji. Mmoja wetu alishuka na trei ya herini na bangili, akasimama karibu na maofisi wakati wafanyakazi wanatoka kula. Zamu yangu ilipofika nilikuwa siwezi kumeza chai asubuhi. Niliwaogopa kanjo, askari wa jiji wanaofukuza wachuuzi, kuliko nilivyomwogopa marehemu baba yangu. Ukisikia "Kanjo!" unakunja trei na kukimbia, na shanga hazikunjiki. Siku moja nilikimbia nikazisikia zikimwagika nyuma yangu barabarani, kazi ya wiki nzima, na sikugeuka. Niliporudi nikilia, Mama Wairimu aliniuliza kama mwili mzima uko. Nikasema uko. Akasema basi tukae tushone zingine. Baadaye wateja walianza kutujia wenyewe, wengine kutoka Loresho na Lavington na magari yao, na trei ikapumzika. Nami nikapumzika kwa muda.

Halafu ikaja mikufu ya kunyonyesha. Nyinyi mmeikuta ikiwa kazi ya kila siku, kwa hivyo mnaweza kudhani ilikuwapo tangu zamani. Ilianza na mteja aliyelalamika kwamba mtoto akinyonya anamkwaruza kifua na kumvuta nywele. Mama Wairimu akamtengenezea mkufu mrefu wa shanga kubwa za kitambaa, laini, zinazoning'inia pale mkono wa mtoto unapofika, ili ashike hizo na amwachie mama ngozi yake. Nyuma, karibu na fundo, kukawa na shanga ndogo za mbao tupu, za ukubwa wa njegere. Akina mama waliipenda sana. Mimi niliichukia tangu siku ya kwanza. Kidani cha mtu mzima kikikatika, mtu anaokota, anakasirika, anarudisha. Mtoto akishika kitu, kinakwenda mdomoni. Nilimwambia Mama Wairimu hivyo. Akasema ndiyo maana tunafunga vizuri.

Tulikuwa tunafunga hivi. Uzi ulikuwa wa nailoni, unaopakwa nta ili upite vizuri. Ukishafunga fundo unalipitisha juu ya mshumaa mara moja, nailoni inayeyuka, fundo linakuwa kitu kimoja kigumu kinachong'aa. Hapo tulikuwa na kawaida mbili za kukagua. Unaangalia kama linang'aa, na unanusa. Nailoni iliyoungua inanuka plastiki. Mama Wairimu alikuwa akinusa kila fundo linalotoka mezani, moja baada ya lingine, kama mtu anayekagua samaki. Hatukuwa na kawaida ya kuvuta, kwa sababu fundo la namna hiyo hata ukivuta na meno halitoki.

Sasa, katika msimu mmoja wa baridi, yale mawingu ya Julai yasiyoondoka, sote chumbani tulipata mafua. Dirisha limefungwa, kila mtu na leso yake. Uzi ulikuwa umeisha, Mama Wairimu akaenda mjini akanunua mwingine duka lilelile, kidonge kilekile, rangi ileile. Tukafunga mikufu kadhaa, tukapitisha mshumaani, mafundo yakang'aa. Mama Wairimu akanusa kama kawaida yake, na pua imeziba.

Mkufu mmoja ulichukuliwa siku iliyofuata. Ulikuwa wa Mama Ethan wa Lavington. Niliushona mimi, na nilikuwa nimekwenda kwake mara moja kumpimia urefu, mtoto akiwa mapajani. Dereva akaja, akauweka kwenye bahasha, akaenda. Asubuhi yake, mimi nikiwa nimekaa tu nafungua thamosi, mkufu mwingine uliokuwa umetundikwa kwenye msumari wa mlangoni ukaanguka. Hakuna aliyeugusa. Shanga zikatapakaa hadi chini ya meza.

"Truphena," Mama Wairimu akasema polepole, "vuta hiyo ingine."

Nikavuta wa pili. Fundo likaachia bila hata kunibishia. Wa tatu vivyo hivyo. Mama Wairimu akakata kipande cha uzi, akakichoma, akakileta puani, kisha akanisukumia mimi.

"Nusa. Mimi sisikii kitu."

Nilipenga kamasi nikanusa. Kilinuka karatasi.

"Ni pamba hii," nikasema.

Alijua maana yake kabla sijamaliza. Pamba iliyojaa nta, ukiipitisha mshumaani, nta ndiyo inayoyeyuka na kung'aa. Ndani uzi unaungua. Unapata fundo zuri la kupendeza ambalo halijashika chochote.

"Ile ya Lavington ilienda?"

"Ilienda jana."

"Na huyo mtoto ako na umri gani sasa?"

"Ameanza kukaa juzi tu. Anaweka kila kitu kwa mdomo."

Nilipiga simu ya Mama Ethan, ikawa imezimwa. Mteja. Nikapiga tena. Mteja. Mama Wairimu alinivalisha sweta yangu mwenyewe kama mtoto wa shule na kunielekeza mlangoni.

"Enda. Ukifika usianze story. Toa hiyo kitu kwa shingo yake kwanza, halafu ndio uongee."

Sipandi boda. Mnajua. Nimeona yaliyowapata watu kwenye Ngong Road na niliapa. Siku hiyo nilipanda ya kwanza niliyoiona, nikamshika kijana kiunoni kwa mikono yote miwili, nikamwambia akimbize. Tulipoanza kwenda nikamwambia aende pole.

"Mathe, nikimbize ama niende pole?"

"Kimbiza pole!"

Alicheka, na mimi nilikuwa naomba Mungu. Kichwani mwangu nilikuwa namwona Ethan waziwazi, mashavu yake yale, na mkono wake mdogo ukienda mdomoni. Nilimwona akikohoa. Nilimwona akiwa hakohoi tena, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tulikata kona, maduka yakaisha, zikaanza zile kuta ndefu zenye maua juu na nyaya za umeme. Hakuna mtu barabarani wa kumuuliza chochote. Nilikumbuka geti kwa sababu ya mti wa zambarau nje yake.

Askari alifungua kidirisha kidogo cha geti.

"Habari, mama. Unatafuta nani?"

"Mama Ethan. Nifungulie."

"Ameambiwa unakuja?"

"Simu yake imezimwa. Nifungulie tafadhali."

"Madam amepumzika. Amesema asisumbuliwe. Si ungoje kidogo?"

"Nimemuuzia neklesi imeharibika!"

Niliona akinitazama kama mtu anayejiuliza nimetoka hospitali gani. Mtu anakuja na boda, anatetemeka, eti kwa sababu ya neklesi. Hapo nilipoteza adabu. Nilipiga geti kwa kiganja, nikapayuka kwamba mtoto atasakamwa na shanga afe na yeye ameketi hapo na redio yake, na katika kupayuka lafudhi yote ya nyumbani niliyokuwa nimeificha mjini miaka hiyo yote ikatoka.

Uso wa askari ukabadilika, akanisalimia kwa Kiluhya.

"Mulembe, mama. Kumbe wewe ni mtu wa kwetu?"

"Tutasalimiana baadaye!"

Akafungua.

Sheila, msichana wa nyumba, alinipokea kwenye mlango wa jikoni. Nilimpita bila kuvua viatu. Mama Ethan alikuwa sebuleni ndani ya dera, nywele zimefungwa juu, macho ya mtu aliyeamshwa usiku kucha. Ethan alikuwa amekaa kwenye mkeka anapiga mto. Mezani kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli kulikuwa na shanga zangu.

"Aki Mama Truphena, umejuaje? Nilikuwa nimtume dereva. Imekatika saa hii tu akinyonya, akaivuta hivi, pwaa! Don't worry, sijakasirika."

Nikaketi bila kukaribishwa.

"Shanga zote ziko hapa?"

"Nafikiri. Sheila aliokota."

Nikazimimina mezani na kuzipanga kama nilivyozishona. Za kitambaa katikati, zote zipo. Ndogo za mbao, huku na huku, zinapaswa kulingana. Hazikulingana. Nikazipanga upya nikitumaini mkono umenikosea. Upande mmoja ulikuwa na pengo.

Nitawaambia nilichohisi. Mama huyo alikuwa ametulia. Mtoto alikuwa anacheza. Hakuna aliyejua ila mimi, na kusema kulikuwa ni kuwasha moto ndani ya nyumba ya mtu. Nilimtazama Ethan, na yeye akanitazama, mdomo umefungwa.

"Moja haipo," nikasema. "Ndogo. Ya mbao."

Kama kwa makusudi, Ethan akakohoa.

Sijui niwaelezeje nyumba ile ilivyokuwa baada ya hapo. Mama Ethan alimnyakua mtoto, akataka kumtia kidole kooni, nikamshika mkono nikamwambia asimsukumie ndani. Sheila aliinua zulia, akainua mito, analia na kuomba kwa sauti. Simu ikawashwa, daktari akapatikana, akawekwa kwenye spika. Akauliza kama mtoto anapumua. Anapumua. Akauliza shanga ni ya nini. Nikasema ya mbao. Akasema mbao huenda isionekane kwenye picha ya eksirei, kwa hivyo tumlete sasa hivi, na tusimpe chochote, hata titi. "As long as analia, hewa inapita," akasema. "Akinyamaza, mwangalieni rangi."

Mama Ethan akaniwekea mtoto mikononi ili akabadilishe nguo. Mimi, kati ya watu wote.

Ethan alikuwa na njaa na alilia kwelikweli, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama hicho. Nilikisikiliza kila kinapopanda na kushuka. Halafu akanyamaza. Alikuwa ameona kifungo cha sweta yangu kikamvutia, basi. Lakini mimi nilimwona ameanza kuwa wa bluu, ingawa hakuwa wa bluu, na nilimfinya paja. Nilimfinya kwa nguvu. Akapiga yowe. Mama yake akageuka kule kwenye korido, hakujua nilichofanya, akasema, "Sorry baby, mum anakuja, sorry." Kila aliponyamaza nilimfinya tena.

Hakufika hata chumbani, yule mama. Alisimama pale koridoni mbele yetu, akavua dera, akavuta sidiria juu ya kichwa bila kufungua, hana habari na aibu. Kitu kikaanguka kwenye vigae. Tik. Kikadunda, tik, tik, kikabingirika.

Ninaijua sauti hiyo. Nimeisikia kila siku ya maisha yangu ya kazi. Nikanyoosha kidole tu. Sheila akajitupa chini na kuitoa chini ya kabati la viatu.

Mama Ethan aliichukua na kuileta mezani akiwa hivyohivyo, kifua wazi, akaiweka kwenye lile pengo.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

Aliketi sakafuni. Akanipokonya mtoto akamnyonyesha pale chini, akilia kwa sauti, na Ethan akashika nywele zake akavuta, naye akamwacha avute. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniambia, "Toka. Please, Mama Truphena. Toka kwa nyumba yangu."

Nilitoka. Askari wa getini alitaka sasa tusalimiane, lakini niliona anaongea na sikusikia kitu. Nilitembea hadi Adams.

Mama Wairimu alikuwa ameikata mikufu yote ya uzi ule, hata ambayo haikuwa ya watoto. Mkasi bado ulikuwa mkononi. "Mtoto?" akauliza. Nikasema ako sawa. Akauweka mkasi, akaenda chooni, na kupitia ukutani tulimsikia akitapika. Aliporudi akanawa uso na kututuma tukatafute dumu la mafuta lenye mkono. Tangu siku hiyo kila mkufu unaotoka mezani unatundikwa na dumu lililojaa maji, fundo lijaribiwe kwa uzito. Nyinyi mlililaani sana dumu hilo, hasa pale linapomwagikia kitenge kipya. Nilikuwa nawaacha mlaani.

Nilimwambia kwamba naacha kazi. Sikuwa nalala. Nikifumba macho nasikia tik, na wakati mwingine katika ndoto hakuna tik, ni kimya tu. Alinisikiliza hadi mwisho huku akilowesha vitenge. "Sasa ukienda wewe unayeogopa," akasema, "mimi nitabaki na akina nani?" Nikavaa aproni. Mengine ya kazi mliyashuhudia wenyewe, kuanzia wateja wa ng'ambo hadi kifo cha Mama Wairimu, na hayanihitaji niyaeleze.

Lakini hamkuwapo siku Mama Ethan aliporudi.

Ilikuwa siku nyingi baadaye, mawingu yameanza kupungua. Nilisikia viatu ngazini, nikainua macho nikamwona mlangoni, mtoto kiunoni, na mkononi mfuko wa karatasi. Nilijua amekuja na wakili, au na polisi, wako chini wanapanda. Akaumimina mfuko mbele yangu. Zilikuwa shanga zilezile.

"Amekataa kunyonya bila hiyo kitu," akasema. Hakutabasamu. "Nimenunua ya mpira anatupa. Ananiuma. Funga tena. Nikiona."

Nilifunga akiona. Mama Wairimu alinishikia mshumaa. Nikanusa fundo. Nikampa Mama Wairimu akanusa. Nikampa mwenyewe, naye akanusa, ingawa hakujua ananusa nini. Nikatundika dumu. Tulisimama sote tukalitazama dumu likining'inia, Ethan naye akilinyooshea mkono.

"Vuta na mkono yako," Mama Ethan akaniambia.

Nikavuta hadi uzi ukaniachia alama kwenye vidole.

Akauchukua, akauvaa, akaketi kwenye kiti changu na kumfungulia mtoto. Ethan alishika shanga moja, akaigeuza, akaiacha. Akapapasa juu, juu zaidi, hadi begani, kwenye zile ndogo za mbao, akazivuta akazitia mdomoni zikiwa kwenye uzi wake.

Mama yake alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Hakumzuia. Nami nikabana mdomo, nikashika ukingo wa meza, nikasimama hivyo hadi mtoto aliporudi kwenye titi akashiba.